Umri Unasingiziwa

Hazipiti wiki nyingi kabla mswada mwingine wa "jeni za uzee wa misuli" haujatua mezani kwangu. Vijana upande huu, wazee upande ule, kipande cha nyama ya paja kwa kila mmoja, halafu jedwali refu: jeni za mitokondria zimepoa, za uvimbe zimepamba moto. Mwishoni hukumu inatoka bila shahidi: umri ndio uliofanya.

Nani aliuliza wazee hao hushindaje kutwa?

Mtafiti Melov na wenzake walitupa sababu ya kuuliza tangu 2007. Walipata jeni 596 zilizotofautiana kati ya vijana na wazee. Wazee wakanyanyua uzito mara 2 kwa wiki kwa miezi 6. Jeni 179 ziliguswa na umri na mazoezi pia, na nyingi kati ya hizo zikarudi kuelekea hali ya ujana. Nitaambiwa kwamba Panadol ikituliza kichwa, haina maana kichwa kiliuma kwa kukosa Panadol. Sawa. Lakini alama inayofutika kwa miezi 6 siwezi kuiita saa ya uzee.

Kinachonivutia zaidi ni kisichofutika. Kabla ya mazoezi nguvu za wazee hao zilikuwa chini ya za vijana kwa asilimia 59. Baadaye, kwa asilimia 38. Katika pengo hilo lililobaki ndimo tuutafute umri wenyewe, na dau langu naliweka kwenye neva zinazojiondoa kwenye nyuzi za misuli. Makala ya kwanza ya toleo hili inaanzia hapo, ndiyo maana ni ya kwanza.

Makala ya miostatini, protini inayozuia misuli kukua, inashangilia kilo za misuli. Dawa ya bimagrumabu, inayozuia njia hiyohiyo, nayo iliwaongezea wazee misuli, ila katika vipimo vya mwendo haikuwashinda waliopewa dawa bandia. Makundi yote mawili, msomaji azingatie, yalikuwa yakifanya mazoezi nyumbani.

Makala ya vitamini D imo pia.

Utafiti wa misuli wa 2019 uliokusanya wanaume wazee wa Singapore, Hertfordshire na Jamaica ulipanua ramani. Mimi bado namsubiri bibi wa Lushoto mwenye miaka 75 anayepanda mteremko na jembe begani. Yeye ndiye angetutenganishia umri na kukaa.

Kuanzia toleo lijalo, mswada unaolinganisha vijana na wazee bila kupima shughuli zao za kila siku utarudi kwa mwandishi kabla haujafika kwa wahakiki.