Kuku Mgeni Akae Peke Yake Siku 21

Wasomaji wetu wa Goma wajua jinsi ugonjwa wa kuku unavyoanza. Asubuhi banda lafunguliwa, na kuku mmoja hatoki. Amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, mdomo u wazi, na kila avutapo pumzi yasikika sauti kama ya mtu akoromaye. Kesho yake wamekuwa 3. Wiki haijaisha, na katika mitetea 10 wamebaki 2, nao hawatagi tena. Mayai yaliyonunua sabuni na madaftari hayapo, na jogoo aliyewekwa kwa karo ya mtoto amekuwa mzoga.

Watu husema, "Ni baridi tu." Wengine husema, "Ni majira yake, kila mwaka huja." Wako hata wanaomtazama jirani kwa jicho baya. Kumbe ugonjwa huu umeingia kwa mlango, na mara nyingi mlango huo twaufungua wenyewe. Leo twapenda kueleza mlango huo ni upi, na jinsi familia yenye ua mdogo iwezavyo kuufunga.

MAGONJWA YANAYOFANANA

Magonjwa ya pumzi za kuku ni mengi, nayo hufanana. Lililo kali kuliko yote ni lile la Newcastle. Liliandikwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle nchini Uingereza, ndiko lilikopata jina. Ndugu zetu wa Tanzania huliita mdondo au kideri. Huletwa na virusi. Kuku hukohoa na kutweta, huhara kijani, na wengine shingo hupinda au miguu hupooza. Banda lisilochanjwa laweza kumalizika lote.

La pili ni mafua ya kuku, yaletwayo na bakteria. Uso huvimba, jicho hufumba, na puani hutoka ute wenye harufu mbaya. Huambukiza upesi, kwa siku 1 hadi 3 tu. Wanaokufa si wengi, lakini kutaga hukoma.

La tatu huletwa na kijidudu kiitwacho mikoplasma. Huenda polepole: kuku hukoroma na kupiga chafya wiki nyingi, hukonda, na mama aliyeambukizwa hupitisha ugonjwa katika yai hadi kwa kifaranga.

Tena iko homa ya mafua ya ndege. Mwaka 2017 ilionekana Uganda kando ya Ziwa Victoria, na mwaka huo huo ikaonekana Ituri, kando ya Ziwa Albert. Kwa macho tu hakuna awezaye kuitofautisha na Newcastle, na aina zake nyingine zaweza kumwua mtu. Kwa hiyo, kuku wengi wakifa kwa ghafula, usikae kimya: peleka habari kwa mganga wa mifugo au kwa ofisi ya mifugo ya mtaa wako.

Msomaji ataniuliza, "Mimi si mganga, nitajuaje ni ugonjwa gani?" Jibu ni kwamba siku ya kwanza huna lazima ya kujua. Magonjwa haya yote huingia kwa njia moja, na mambo ya kufanya mwanzoni ni yale yale.

MLANGO WA UGONJWA

Tuseme mama mmoja akaaye Ndosho aenda soko la Virunga kununua jogoo. Pale sokoni kuku wametoka Masisi, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka. Wamefungwa miguu pamoja, au wamesongamana katika tenga moja, wakipumua pumzi ya wenzao tangu alfajiri. Mama achagua jogoo mzuri, mwenye upanga mwekundu na macho maangavu. Amleta nyumbani, na usiku huo jogoo alala na mitetea kwenye kijiti kimoja.

Jogoo yule hakuonyesha dalili yo yote. Lakini ugonjwa wa Newcastle waweza kujificha mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya kuonekana. Siku ya 6 aanza kukohoa; kufika hapo wote wamekwisha kunywa naye katika sahani moja.

Mgeni huyu ndiye mlango mkubwa. Iko na milango midogo: viatu vilivyokanyaga mavi ya kuku sokoni, tenga lililoazimwa kwa jirani, mchuuzi apitaye ua kwa ua akishika kuku huyu na yule, na kuku wa jirani apenyaye kati ya mbao za uzio. Katika mji wetu viwanja ni vidogo na nyua zimegusana. Kikohozi cha kuku wa jirani ni kama kikohozi cha kuku wako.

SOMO TULILOKWISHA KULIPATA

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa upya habari ya maambukizo. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa mjini. Alikuwa msafiri aliyekuja kwa basi kutoka Butembo. Tulifanya nini? Tulinawa mikono kwa maji ya klorini milangoni, hatukupeana mikono, na wote waliokutana na mgonjwa waliangaliwa siku 21. Wagonjwa waliothibitishwa Goma walikuwa 4, na ugonjwa haukuenea mjini.

Sasa tazameni: Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huhesabu siku zile zile 21 kuwa muda ambao Newcastle yaweza kujificha katika kuku. Basi sheria ya mfugaji ni nyepesi kukumbuka: kila kuku anunuliwaye, apewaye zawadi, au arudiye kutoka sokoni bila kuuzwa, akae peke yake siku 21.

Huna lazima ya kujenga nyumba ya pili. Tenga kubwa lililofunikwa juu ya mbao, upande wa kiwanja ulio mbali na banda, latosha. Mgeni awe na sahani yake ya maji na ya chakula. Walishe kwanza wenyeji, kisha mgeni, wala usigeuze utaratibu huo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Weka ndara za kuingilia bandani zisizotoka nje ya ua. Kazi hii mtoto wa shule aweza kuifanya, naye aandike siku katika daftari ili hesabu isipotee.

Tena kumbuka kwamba mafua ya kuku na mikoplasma huweza kukaa miaka katika kuku aliyepona, bila dalili. Siku 21 hazitamfichua huyo. Ndiyo sababu yafaa kununua katika nyumba unayoijua, ambayo kuku wake hawajapata kukoroma, kuliko kununua kwa mtu usiyemjua.

UGONJWA UKIISHA KUINGIA

Kwanza, mtenge aliye mgonjwa saa ile ile, usingoje kesho. Waliobaki wasitoke nje.

Pili, usitegemee vidonge. Watu wengi hufungua tetrasiklini ya binadamu na kuimimina katika maji. Dawa hiyo haiui virusi, na kwa Newcastle haisaidii kitu. Kwa mafua na mikoplasma dawa za namna hiyo zaweza kupunguza ugonjwa, lakini kwa kipimo cha mganga wa mifugo, na mayai ya siku za dawa yasiliwe wala yasiuzwe hadi muda aliousema upite. Dawa itumiwayo ovyo huwafundisha bakteria kuishinda, na kesho mtoto wako aweza kuihitaji. Pilipili na shubiri katika maji pia haviwezi kushika nafasi ya chanjo.

Tatu, mzoga usiliwe, usitupwe mferejini wala ziwani, wala mbwa asipewe. Hapa kwetu kuna shida yake. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na mahali lava ya Januari 2002 ilipopita jembe haliingii. Pasipo na udongo wa kuchimba shimo refu, mzoga uteketezwe kabisa katika pipa la chuma, mbali na banda, pamoja na manyoya na maranda aliyolalia.

Nne, safisha. Jiwe la lava lina matundu mengi, na uchafu hujificha humo. Kwangua mavi kwanza, sugua kwa sabuni, ndipo umwage maji ya klorini. Maana klorini ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu. Acha banda likauke kwa jua, na kama kuku wote wamekufa, usilete wengine kabla ya wiki 4. Ukijenga tena, weka sakafu ya mbao au saruji yenye maranda makavu, na tundu la hewa juu, si mahali pa kulalia. Kisha chuchumaa, kichwa chako kiwe sawa na kichwa cha kuku, uvute pumzi. Kama macho yako yanawasha kwa harufu ya mkojo, ujue kuku wako wavuta hewa hiyo usiku kucha, na vifua vyao vimekuwa dhaifu kabla ugonjwa haujafika.

JARIBU LA KUUZA

Sasa twafika kwenye neno gumu. Kuku wa kwanza akifa, baba husema, "Tuwapeleke hawa wengine sokoni leo, kabla hawajafa." Twaelewa kwa nini asema hivyo. Karo yangojewa, na kuku mfu hana bei. Hasemi hivyo kwa ubaya, bali kwa hofu ya kupoteza vyote.

Lakini tumfuate kuku yule. Sokoni amfungwa pamoja na kuku wa watu wengine. Mmoja anunuliwa na mjane wa Majengo, mwingine aenda Himbi, wa tatu arudi Sake bila kuuzwa. Katika wiki moja nyua 3 zalia. Fedha aliyoiokoa baba yule wengine wameilipa, nao hawakuulizwa. Tena baada ya miezi michache yeye mwenyewe atahitaji kuanza upya. Atanunua wapi? Katika soko lile lile alilolitia ugonjwa.

Kwa hiyo ua wenye ugonjwa ufungwe: asiuzwe kuku, asitolewe zawadi, tenga lisiazimwe, na majirani waambiwe. Kuambia majirani si aibu. Mtu aliyeficha ndiye aliyetuletea hasara. Mganga wa mifugo akihakikisha kwamba si homa ya ndege, kuku walio wazima waweza kuchinjwa na kupikwa vizuri nyumbani, na hivyo si vyote vitakavyopotea.

CHANJO NI KAZI YA MTAA

Newcastle haina dawa ya kuiponya, lakini ina chanjo nzuri, nayo si ghali ukiihesabu kwa kuku mmoja. Shida ni chupa yenyewe. Chupa moja huwa ya kuku 100 au zaidi, na ikiisha kuchanganywa na maji haingoji kesho. Mwenye kuku 8 huona ni hasara, basi haichukui. Jirani mwenye 6 hufikiri vivyo hivyo, na mtaa mzima wabaki bila kinga kwa sababu kila mmoja alihesabu peke yake.

Nyumba 10 zikikubaliana siku moja, chupa moja huwatosha, na gharama ya kila nyumba huwa ndogo. Mtu mmoja aaminiwaye aende kuileta katika chombo chenye barafu, asiiache juani. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia na kutumiwa sana vijijini Tanzania, ambayo hustahimili joto kuliko nyingine. Tone 1 katika jicho la kila kuku latosha, na hurudiwa kila miezi 4. Mganga wa mifugo atawaambia ipatikanayo ni ipi.

Ziko na chanjo za kunyweshwa, na hapa tuwe waangalifu. Maji mengi tunayochota ziwani hutiwa klorini kwa ajili ya kipindupindu, na ni vema. Lakini klorini ileile huiua chanjo. Kwa siku hiyo tumieni maji safi ya mvua yasiyotiwa dawa, na kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita. Kuku wanyimwe maji saa 1 au 2 kwanza, ili wote wanywe upesi, na maji yaishe kabla ya saa 2 kupita.

Jambo la mwisho: chanjo hupewa kuku wazima tu, nayo huchukua wiki 2 hivi kuwapa nguvu. Kuku anayekoroma amekwisha kuchelewa. Basi msingoje sauti ile ya asubuhi. Jumapili hii mama apite kwa majirani, aulize kila nyumba ina kuku wangapi, aandike jumla. Baba naye atafute tenga la kuku mgeni, aliweke mahali pake. Likiwa tayari kabla ya siku ya soko, kazi kubwa imefanyika.