Shida haijui kuchora

Baraza la Jumamosi, na Somoe Mtaula

Rangi ya baiskeli ina tabia zake. Ni nzito, inang'aa, na haina haraka ya kukauka. Ukiigusa kabla ya wakati wake inachafuka. Ukitaka iyeyukiane taratibu na rangi ya jirani yake, kama wafanyavyo wachoraji wa rangi za maji, inakugomea. Anayetaka imtii hupaka rangi moja bapa, akaisubiri, akapaka nyingine juu yake, akasubiri tena, na mwisho akadondosha madoa. Hii ndiyo rangi aliyoichukua Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, akaipaka juu ya vipande vya hadibodi, ule ubao mwembamba ambao mafundi huzibia dari.

Sehemu kubwa ya kile tunachokiita leo mtindo wa Tingatinga imo ndani ya tabia hizo. Nyuma ya mnyama kuna rangi moja tu, haina milima wala mawingu. Mbele yupo chui, au kanga, au tembo, amekolezwa pembezoni, mwili umejaa madoa, jicho limekodoka. Picha nzima inameta kama baiskeli mpya dukani. Hadibodi nzima huwa na futi nne kwa nane. Ikatwe mraba wa futi mbili kwa mbili, utapata vipande vinane na hakuna cha kutupa. Picha nyingi za mwanzo zina ukubwa unaokaribia huo. Ndani ya mraba mkia wa chui hauna pa kwenda, basi unajikunja kurudi mgongoni. Shingo ya ndege inapinda ili itoshe. Ukizitazama picha zile huoni mnyama aliyebanwa. Unaona mnyama aliyejaa mahali pake pote, na mimi naamini nguvu yake inatoka hapo.

Nimeyakumbuka haya kwa uchungu mwezi uliopita, kwenye mahafali ya shule moja ya msingi. Mwalimu wa sanaa alikuwa amebandika ukutani kazi za watoto: michoro ya mkaa na ya kalamu ya wino, mingi ikiwa nyuma ya kurasa za kalenda zilizopitwa na wakati. Ilikuwepo picha ya mama anayechota maji ambayo ningeinunua palepale. Katika risala, wanafunzi waliomba rangi na karatasi. Mgeni rasmi alisimama, akatabasamu, akawaambia kwamba hata Tingatinga hakuwa na rangi za kisasa, kwamba shida ndiyo mwalimu wa wabunifu, kwa hiyo wasilalamike. Watu wakapiga makofi. Mwalimu yule aliinamisha kichwa, na mimi nikarudi nyumbani na hasira ambayo hadi leo haijaniisha.

Hasira yenyewe ni hii: tunachukua maisha ya mtu aliyefanya kazi kubwa katika hali ngumu, tunaisifu ile hali, tunamwacha mtu. Kisha tunaitumia sifa hiyo kuwanyima wengine.

Hebu tumtazame mtu mwenyewe. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima, na alipata elimu ndogo ya msingi. Miaka ya 1950 alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda maelfu ya vijana wa kusini. Kutoka huko akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za ndani Oysterbay, kwenye nyumba ya Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali. Baadaye alipata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Wanaosimulia habari zake wanasema alizitazama picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, akajiambia kwamba na yeye anaweza.

Sasa jiulize: wangapi walikata mkonge Tanga miaka ile? Wangapi walifua na kupika katika nyumba za Oysterbay? Kama shida ingekuwa mwalimu, tungekuwa na mitindo elfu ya uchoraji kutoka mashambani kule. Shida iliwagusa wote kwa mkono uleule, na wengi wao iliwamaliza nguvu tu. Mtu anayerudi jioni mgongo umekufa ganzi hafikirii rangi ya mbawa za kanga.

Tingatinga alikuwa na shida, lakini alikuwa pia na vitu vidogo ambavyo msimulizi wa majukwaani huviruka. Alikuwa katika jiji lililokuwa likijengwa, ambamo hadibodi na makopo ya rangi vilipatikana dukani kwa bei ambayo mtu wa kipato chake aliweza kuifikia. Alikuwa na kivuli: mbuyu uliokuwa karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, alipotandaza picha zake. Na alikuwa na wanunuzi, kwa sababu wageni waliokaa mtaa ule walikuja kununua mboga na mkate, wakapita mbele ya mbuyu wakiwa na fedha mkononi. Ondoa kimojawapo kati ya hivyo, mathalani mbuyu uwe Tunduru badala ya Oysterbay, na sidhani kama leo tungelijua jina lake.

Na hata baada ya kuvihesabu vyote, bado linabaki lile ambalo ni lake peke yake. Aliichukua rangi isiyotengenezwa kwa ajili ya picha, akakaa nayo mpaka akajua inakubali nini na inakataa nini, kisha akachora kile inachokubali. Hakuilazimisha iige rangi za wasomi. Hiyo ni akili, na ni akili ya kazi, ile inayokuja kwa mikono kurudia jambo lilelile kwa makini. Kuiita zawadi ya umaskini ni kumvua mtu heshima yake.

Tena kuwa na vifaa hakumnyimi mtu ubunifu. Miaka ileile tulikuwa naye Sam Ntiro, mzaliwa wa Uchagani, aliyesoma sanaa Makerere kisha chuo cha Slade jijini London, na ambaye baada ya uhuru aliiwakilisha nchi yetu kama balozi Uingereza. Alikuwa na turubai, brashi nzuri, walimu na vitabu. Je, viliua ubunifu wake? Alichora vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na watu wake wakilima, wakijenga, wakibeba pombe ya ndizi kumpelekea bibi harusi usiku. Picha hiyo ya mwisho ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Kila mmoja alifika kwa njia yake. Hakuna mahali ambapo maisha ya Ntiro yanatufundisha kwamba angefanya vizuri zaidi kama angenyimwa brashi.

Nivuke ziwa niende Kinshasa, maana huko nina ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Kundi la Staff Benda Bilili lilianzishwa na wanamuziki waliopooza miguu kwa sababu ya polio, Ricky Likabu na Coco Ngambali wakiwa mbele. Walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa na mafundi wa mjini na kusukumwa kwa mkono, na mazoezi yao waliyafanya kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa. Wakamchukua kijana wa mitaani, Roger Landu, aliyekuwa amejitengenezea ala yake mwenyewe: kopo, mti uliopinda na waya mmoja. Aliiita satonge.

Sikiliza satonge inavyofanya kazi. Haina vituo vya vidole kama gitaa. Sauti hubadilika kwa kuupinda ule mti ili waya ukaze au ulegee, kwa hiyo noti haziruki kutoka moja hadi nyingine, zinateleza. Kwa mwenye gitaa zima huo ni upungufu. Roger aliufanya sauti: waya ule unalia, unabembeleza, unapasua katikati ya magitaa yote na kusikika juu ya ngoma. Mwaka 2009 walitoa albamu ya Très Très Fort, mwaka uliofuata filamu iliyowahusu ikaonyeshwa Cannes, na watu wa Ulaya wakajaa kumbini kuwasikiliza.

Wapo watakaosema: unaona, polio iliwapa muziki. Basi wawasikilize wenyewe. Mojawapo ya nyimbo zao inaitwa "Polio", na ndani yake mwimbaji anawahimiza wazazi wawapeleke watoto wao wakachanjwe. Mtu aliyeigeuza ajali ya maisha yake kuwa kazi iliyozunguka dunia anatumia kazi hiyohiyo kuomba kwamba mtoto mwingine asipatwe. Sijapata jibu zito kuliko hilo kwa mgeni rasmi yeyote.

Nasisitiza hivi kwa sababu napenda ubunifu wa wenye uhaba kwa moyo wote. Nimeona fundi cherehani asiye na umeme akishona kola safi kuliko za kiwandani, nimeona watoto wakiunda lori la waya lenye usukani unaokata kona. Furaha ninayoipata ni ya kweli. Lakini anayepaswa kusema "nitafanya kwa nilichonacho" ni yule aliyenacho kidogo, kwa hiari yake. Mwenye ufunguo wa stoo akilisema neno hilo kwa niaba yake, limeshakuwa jambo jingine kabisa.

Tingatinga mwenyewe hakuzeeka na sifa. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu. Ndugu na vijana aliokuwa amewafundisha, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na January Linda, ndio walioibeba kazi mbele, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama cha ushirika. Hawa tunawataja kwa nadra, na bila wao ule mbuyu usingekuwa na hadithi.

Leo wachoraji wengi wa mtindo huu wameiacha hadibodi, wanachora juu ya kitambaa, kwa sababu mtalii anataka picha ya kukunja na kuiweka kwenye sanduku. Ile rangi inayong'aa bado ipo. Napita mara nyingi kwenye vibanda vyao na kuona twiga na pundamilia wakijirudia safu kwa safu, kwa kuwa ndio wanaouzika, lakini mara mojamoja naona kitu kingine: daladala iliyojaa, wodi ya hospitali, soko la samaki lenye watu mia na kila mmoja na uso wake. Hapo najua kuna mtu amekaa na rangi yake akaiuliza upya inaweza nini. Hao wanahitaji wateja wenyeji kama sisi, wasioomba twiga.

Na wale watoto wa mahafali wanahitaji makopo matano ya rangi, brashi, na hadibodi moja iliyokatwa vipande vinane. Vyote hivyo vipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hatua chache kutoka lango la shule. Kamati ya shule yao inakutana mwezi huu kupanga matumizi ya muhula ujao, na mzazi yeyote anaruhusiwa kupeleka hoja. Mimi nimeshaandika yangu, na kipande cha kwanza cha hadibodi nimekwishakilipia. Ninaomba wazazi wengine wa shule hiyo walipie saba vilivyobaki.