Staa, changu wa Feri na waini ya Italia: Dodoma imekukosea nini?

Haya wadau, jina kapuni, ila wa mjini mshamjua. Ni yule staa aliyeposti chupa ya waini nyekundu ya kusini mwa Italia, pembeni sahani ya changu wa kukaanga kutoka Feri, halafu akatuambia waini ya Dodoma ni ya washamba. Makofi yakapigwa, mioyo ikamwagwa. Sisi tunasema: dada, hapo umechemka, tena si mara moja.

Tuanze na chupa. Waini ile inaitwa Aglianico, na wala si mbaya. Zabibu yake inalimwa Campania, upande wa Naples, na Basilicata, kwenye miteremko ya Vulture, mlima wa volkano uliozimika zamani. Inachelewa kuiva, huvunwa Oktoba mpaka Novemba. Mdomoni ni kali: uchachu, ladha ya matunda meusi, na ukakasi unaokausha ulimi kama umetafuna bibo. Ndiyo maana Taurasi, Aglianico yenye jina kubwa, hutunzwa si chini ya miaka 3 kabla ya kuuzwa. Hiyo ni waini ya nyama. Iwekee mbuzi choma uone inavyolainika.

Sasa yeye kaiwekea samaki! Nyekundu kama ile ikikutana na samaki, mdomo unaweza kubaki na ladha ya chuma, kama umelamba sarafu. Watu wa Naples wenyewe wakila samaki wanafungua nyeupe, Falanghina au Fiano. Yaani anayetufundisha ustaarabu wa Kiitaliano kafanya kitu ambacho Mtaliano angemshangaa. Na changu wa watu, aliyegombewa mnadani asubuhi, kaharibika bure.

Lakini hayo ni ya kuchekana tu. Linalouma ni la Dodoma.

Zabibu Dodoma zililetwa na mapadre wa Kiitaliano miaka ya 1950. Hombolo kuna mizabibu ya Kiitaliano imepandwa. Kwa hiyo huo "ushamba" unaoukimbia na hiyo "Italia" unayoikimbilia ni ndugu. Tena Dodoma inavuna mara 2 kwa mwaka, Italia mara 1. Nyekundu tunayo ya kwetu, Makutupora, imebeba jina la mahali pa hapohapo Dodoma.

Anayeumia na posti yako ni mkulima. Wakulima wa zabibu Dodoma wamelia mara ngapi kwamba mzigo unaozea shambani, mchuzi wa zabibu umejaa kwenye matangi na mnunuzi hayupo? Mwenye ekari moja hana akaunti ya kukujibu. Wewe una wafuasi kibao, neno lako moja linamfanya kijana wa Sinza aone aibu kuagiza chupa ya nyumbani mbele ya wenzake.

Najua mtaniambia: dompo tamu kama juisi, kesho yake kichwa kinagonga. Sawa, lakini dompo si Dodoma yote. Kuna nyekundu kavu na nyeupe kavu. Kuipima Dodoma kwa dompo ni sawa na kuipima Italia kwa chupa ya bei chee. Viwanda vyetu navyo viongeze ubora, hilo hatufichi. Ila nyingi tunaziua wenyewe: chupa inakaa kwenye rafu ya duka Kariakoo inapigwa jua, halafu tunainywa ya moto kama chai na kusema mbovu. Hata nyekundu inataka ubaridi kidogo, nyuzi 16 mpaka 18. Kwa joto la Dar, itie kwenye friji kwanza.

Hatumkatazi mtu Aglianico. Pesa yako, mdomo wako. Lakini kupenda cha mwenzio hakukulazimishi kutemea mate cha kwenu. Wale wa Basilicata wanaijaza Aglianico mezani kwao bila aibu, ndiyo maana leo na wewe unaipiga picha.

Staa, fanya hivi: rudi Feri, chukua changu, fungua nyeupe ya Dodoma, baridi kabisa. Aglianico yako ingojee mbuzi. Halafu posti zote mbili, useme kweli.

Wadau, nani hapa kashawahi kuficha chupa ya Dodoma wageni walipofika? Semeni tu, hatutaji majina.