Acheni kusugua sarafu, lainisheni mwanga!

Jamani, hii tabia ya kusugua sarafu za kale kwa ndimu na jivu, halafu kuzipiga picha kwa flashi, itaisha lini? Nasema wazi: anayefanya hivyo anaharibu mara mbili. Kwanza anaichubua sarafu yenyewe. Pili anatoa picha isiyoonyesha kitu. Halafu analalamika eti dalali kampunja. Asikupunje kwa nini, na wewe mwenyewe umemrahisishia kazi?

Naandika gazetini, na picha za namna hiyo nimeziona hadi basi. Mtu ana Heller ya Mjerumani (ndiyo iliyotuachia neno hela), kaachiwa na babu yake. Anataka kujua ni ya mwaka gani na ina thamani gani. Anatuma picha: duara jeupe linalowaka kama taa ya pikipiki, pembeni giza. Mwaka hausomeki. Ukimwuliza anakujibu kwa kujiamini kabisa: "Niliisafisha kwanza ili iwake." Kha!

Tuelewane hapa. Shaba iliyokaa miaka mia moja hujivika utandu wa rangi ya uzee. Ule si uchafu. Ni ngozi ya sarafu, na ni moja ya vitu vinavyomwambia mjuzi kwamba haijachezewa. Ndimu ni asidi, inaula ule utandu. Jivu na stili waya vinaacha mikwaruzo ambayo haitoki tena. Kampuni kubwa za Marekani zinazopima ubora wa sarafu, kama NGC na PCGS, zikikuta sarafu imesuguliwa vibaya haziipi daraja la kawaida. Zinaandika kwamba imesafishwa, na bei inaporomoka. Mng'ao wa siku moja, hasara ya maisha.

"Sasa picha itatokaje vizuri?" Tatizo si sarafu, ni mwanga. Chuma ni kama kioo. Flashi ya simu ni nukta ndogo iliyokaa kando ya lenzi. Ukipiga kutoka juu, mwanga unagonga chuma na kurudi kwenye lenzi hiyo hiyo. Ndiyo lile doa jeupe. Dawa yake ni kuikuza ile nukta. Angalia jua la mchana: kivuli chako kina kingo kali kama wembe. Wingu likipita kivuli kinalainika, kwa sababu sasa wingu zima limekuwa taa. Basi jitengenezee wingu lako nyumbani.

Wingu lenyewe ni karatasi nyeupe, au kipande cha chupa nyeupe ya maziwa. Zima flashi. Weka sarafu juu ya kitambaa cheusi au cha kijivu, karibu na dirisha lisilopigwa na jua au karibu na taa ya mezani. Simamisha karatasi kati ya taa na sarafu, ila isiguse balbu. Ilaze simu kama daraja juu ya marundo mawili ya vitabu, lenzi ikiitazama sarafu moja kwa moja bila kuinamia upande. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Usiisogeze simu karibu mno, itaziba mwanga. Iinue, kisha kata picha baadaye.

Lakini usilewe wingu! Ukiizungushia sarafu karatasi pande zote, vivuli vyote vinakufa na uso wa Nyerere kwenye shilingi ya 1966 unakuwa chapati. Michoro ya sarafu imeinuka, na kinachoonyesha mwinuko ni kivuli. Mwanga utoke zaidi upande mmoja, kwa chini kidogo; upande wa pili weka karatasi tupu irudishe mwanga. Zungusha sarafu taratibu mpaka herufi zisimame. Piga pande zote mbili, na picha moja iwe na rula kando.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Sikubali. Chukua Heller 20 za Tabora za mwaka 1916. Waingereza walikuwa wamewabana Wajerumani baharini, nao wakagonga fedha zao huku huku, hata sarafu za dhahabu ya Sekenke zenye tembo. Hizo Heller 20 zipo za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Tofauti kama hizo ndizo wakusanyaji wanazozitafuta. Kwenye picha ya flashi zote ni sahani nyeupe tu! Na hapo ndipo wasanii wa "rupia ya Mjerumani" wanapolia bata: picha zenye ukungu, ahadi za mamilioni.

Na za Kilwa je? Masultani wa Kilwa waligonga sarafu za shaba karne nyingi kabla ya Mjerumani, zenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, upande mmoja ukioana vina na mwingine. Ni shairi dogo kuliko kidole gumba! Hizo ni malikale, zinalindwa na sheria ya mwaka 1964, si za kuuza. Ukiiona moja usiisugue. Ipige picha pale pale ilipo, kwenye kivuli, kisha toa taarifa kwa watu wa mambo ya kale. Moja ilipatikana Great Zimbabwe. Tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zimejulikana ni za Kilwa kwa sababu maandishi yake yalisomeka. Zingesuguliwa zikabaki vibati, nani leo angejua kuwa zilitoka kwetu?

Kwa hiyo sitaki kusikia habari za kukosa kamera ya mamilioni. Karatasi moja, dirisha moja, dakika kumi. Kama una Heller ya babu kabatini, leo hii itoe, usiiguse na chochote, ipige picha inayosomeka kabla dalali hajabisha hodi.

Na hizo ndimu zipelekeni kwenye supu.