Msiwape Watoto Baba wa Karatasi



Baada ya kumshukuru Allah (SWT) na kumtakia rehema Mtume wetu (SAW), tunataka kusema wazi jambo ambalo katika mitaa yetu ya Bujumbura, tangu Buyenzi na Bwiza hadi Kinama, husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni kuwaandikia wakubwa wa serikali uongo. Tena tunakusudia uongo wa aina moja: kumwandikisha mtoto kwa jina la baba asiye baba yake.

Tunajua ulikotoka. Vita vilivyoanza 1993 viliacha mayatima wengi. Wajomba, mashangazi na mabibi waliwachukua wakawalea, na malipo yao yako kwa Allah. Kisha zikaja neema. Mwaka 2005 shule ya msingi ikawa bila malipo. Mei 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 yakawa bure, na uzazi pia. Waliokuwa kambini Tanzania nao wakaletewa fomu za kwenda ughaibuni. Lakini neema hutaka karatasi, na penye karatasi hakukosi komisiyoneri. Yeye humwambia mlezi: "Andika tu kuwa ni mwanao, nani atajua?"

Allah anajua. Hilo lingetosha, lakini kwa kuwa watu wana hoja zao, tuzijibu.

Hoja ya kwanza: "Serikali haina mwenyewe, kuidanganya si dhambi." Nani kakwambia? Mtume (SAW) alipokuwa akiwatajia Maswahaba madhambi makubwa, alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo alikaa sawasawa, akalikariri neno hilo mpaka wakatamani anyamaze. Hakusema kwamba ukitolewa mbele ya karani ni halali. Na wale wanaokwenda komini kutia saini kuwa mashahidi wa kizazi wasichokijua, kwa ajili ya urafiki au kwa bei ya soda, wajiulize wamekaa upande gani wa Hadithi hiyo. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Kanuni ya adhabu ya Burundi, ile ya 2009 na ile ya 2017 iliyofuata, inamwadhibu mwenye kughushi maandishi na mwenye kuyatumia akijua kuwa ni ya uongo.

Hoja ya pili ndiyo nzito: "Mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu." Kweli, kwa mila zetu ni mwanao. Anakuita baba, anakula sahani moja na wanao, ukimkanya anasikia. Hakuna anayekunyang'anya hilo. Lakini karani hakuulizi unampenda nani. Anakuuliza nani kamzaa.

Na sisi Waislamu ndio watu wa mwisho wa kudai kuwa hatuijui tofauti hiyo. Zayd bin Haaritha (RA) alilelewa na Mtume (SAW), akapendwa mno hata watu wakamwita Zayd mwana wa Muhammad. Zikashuka Aya za Suratul Ahzaab, ya 4 na ya 5, zikaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Zayd akarudi kuwa mwana wa Haaritha. Je, mapenzi ya Mtume kwake yalipungua? Hata kidogo. Kama nyumba ile ilitakiwa kusema kweli juu ya nasaba, nyumba yako na yetu ni nani? Na ipo Hadithi sahihi inayomtishia kukosa Pepo yule anayejinasibisha na asiye baba yake hali anajua. Wewe mlezi unamwingiza mtoto katika jambo hilo angali hajui hata kusoma!

Hoja ya tatu: "Uongo huu haumdhuru mtu." Tazameni.

Marekani ilikuwa na mpango wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao, na Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohusika. Aliyekwishafika kule aliruhusiwa kuwaombea mke au mume, wazazi, na watoto wasiooa wenye umri wa chini ya miaka 21. Mpwa hakuwemo. Basi mpwa akageuzwa mwana. Februari 2008 wakaanza kupima damu ya undugu, DNA, Nairobi, wengi wa waliopimwa wakiwa Wasomali na Wahabeshi, kisha wakaendelea Uganda na kwingineko. Katika watu wapatao 3,000, familia ambazo undugu wote ulioandikwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Wengine walikataa kupimwa au hawakutokea, nao wakahesabiwa pamoja na walioshindwa. Mwaka huo huo mpango ukasimamishwa, na haukufunguliwa tena mpaka Oktoba 2012, kwa sharti la DNA.

Fikirini maana yake. Mama aliyeandika kweli tupu, anayemngojea mwanawe wa kumzaa, alikaa miaka akingoja kwa sababu ya kalamu za wengine. Huyo si jirani aliyedhurika? Na yule mpwa, kama angeandikwa kweli kuwa ni yatima anayelelewa, huenda angetafutiwa njia nyingine. Alipoandikwa mwana akapimwa, akaonekana mwongo, naye hakuandika hata herufi moja.

Sasa rudini nyumbani. Baba mzazi wa yatima huyu aliacha shamba, tuseme Rumonge, ambako ugomvi wa ardhi kati ya waliokimbia 1972 na waliobaki unajulikana na kila mtu. Kijana anasimama kudai haki yake akiwa na karangamuntu inayosema baba yake ni mtu mwingine. Atamwambia nini hakimu? Umempa daftari na kalamu za shule, umemnyang'anya shamba. Upande wa pili, kwenye karatasi amekuwa mrithi wako, na siku utakapofariki wanao wa kuzaa watagombana naye, huku sheria ya Allah haikumpa fungu katika mirathi yako. Ungetaka kumwachia kitu, mlango wa wasia uko wazi.

Na ndoa je? Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amechukuliwa na baba mdogo hapa mjini, wa pili na shangazi Gitega, kila mmoja akapewa baba wake wa karatasi. Wakikua bila kujuana, nani atawazuia wasioane?

Hoja ya mwisho: "Tumelazimika." Njaa tunaijua, na foleni za ofisini tunazijua. Makarani wanaochelewesha karatasi ya kweli na kuharakisha ya uongo kwa rushwa, dhambi yao tunaiona, na Allah atawauliza. Lakini dharura ni pale njia zote zinapofungwa. Sheria ya Burundi ina mlango wa ulezi: yatima huwekewa mlezi anayetambuliwa, na jina la baba yake linabaki. Cheti kilichokosewa husahihishwa mahakamani. Ni kazi ndefu, inachosha, lakini njia ipo.

Enyi wazazi na walezi! Mnawafundisha watoto madrasa kuwa uongo ni haramu, kisha mnawakalisha jioni kuwakaririsha jina la baba wa uongo wasije wakakosea mbele ya afisa. Somo gani watalishika? Anayekwenda komini wiki hii na aandike kweli. Aliyeombwa kuwa shahidi wa uongo na akatae, hata kama anayeomba ni ndugu yake. Na maimamu walitaje jambo hili mimbarini, kwa jina lake.

Tunamwomba Allah atujaalie tuwe wakweli wa ndimi na wa kalamu, na awahifadhi mayatima wetu, na majina ya baba zao. Amin.