Ujumbe Ujao Utangazwe Mapema

Sisi wa Kagio tumezoea kupata habari za ujumbe rasmi wakati magari yake yamekwisha kushika njia ya kurudi. Tangazo hubandikwa kwenye ukuta mmoja jioni, mkutano huwa kesho yake asubuhi, na viti vya mbele vimekwisha kupata wenyewe. Aliyekuwa sokoni na nyanya zake huambiwa kwamba maoni yake yamechukuliwa. Twasema wazi kwamba mashauriano ya kisiasa huanza siku yanapotangazwa.

Wakongwe miongoni mwetu wanaikumbuka Kamati ya KANU iliyoongozwa na Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti, mwaka 1990. Ilizunguka nchini baada ya Saba Saba, Kenneth Matiba na Charles Rubia wakiwa kizuizini tangu tarehe 4 Julai. Hoja zake zilikuwa za chama chenyewe: uteuzi, uchaguzi na nidhamu. Wananchi walikwenda na zao. Walilaani mlolongo wa mwaka 1988 na ile kanuni ya asilimia 70, iliyompa mgombea kiti bila kura ya siri; na wako waliothubutu kutamka vyama vingi mbele ya wakubwa wa chama kimoja. Desemba ya mwaka huo wajumbe wa KANU walikubali kufuta mlolongo na kanuni hiyo. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria tangu 1982, hakikufutwa hadi Desemba 1991.

Yaliyopatikana si haba, wala hatuyabezi. Hata hivyo, ujasiri ule haukuletwa na kamati. Katika Kirinyaga hii, Askofu David Gitari alikuwa ameukemea mlolongo mimbarini, na mwaka 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Waumini walikuwa wameisikia hoja kanisani kabla ya kuulizwa na mwanasiasa yeyote.

Tume ya Katiba ya Profesa Yash Pal Ghai, ilipopita majimboni mwaka 2002, ilikuwa imesambaza maswali yake kabla ya vikao, na maneno ya wasemaji yalinakiliwa neno kwa neno. Leo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilisema Jedwali la Pili la mswada wa BBI, lililokusudia majimbo mapya 70, lilikiuka Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Wenye haraka wasome hukumu hiyo.

Kwa hiyo kila ujumbe unaotaka kuja Kagio, uwe wa serikali, wa Bunge au wa chama, hauna budi kututumia tarehe, mahali na hoja zake majuma mawili kabla. Jumapili mbili zatosha. Tangazo lisomwe makanisani, na misikitini siku ya Ijumaa, na lipigwe sokoni kwa kipaza sauti, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Mkutano usiwekwe siku ya soko, kwani mama anayeuza nyanya hawezi kuziacha zikiiva juani akasikilize hotuba. Orodha ya wasemaji ifunguliwe mlangoni, isije ikiwa imekwisha kuandikwa mfukoni mwa mtu. Nasi tuwe na katibu wetu anayeandika yote, ili ripoti itakapotoka tuilinganishe na yaliyosemwa.

Vikundi vya parokia na vya wanaharakati visingoje wageni. Zisomeni hoja pamoja, chagueni wasemaji, na vijana na wanawake wapangwe mapema, wasije wakaachiwa dakika za mwisho mzee akiwa amekwisha kusimama kufunga kwa sala.

Ujumbe ukija bila tangazo, tuwapokee wajumbe kwa adabu, tuwape chai, kisha tuwaombe wataje tarehe ya kurudi.