MEZANI KWETU: Mboga Iwe Nyingi, Ugali Uwe Mdogo

Mwezi uliopita nilikwenda Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, kumtazama baba yangu mdogo. Nilikuwa nimepata habari kwamba amepimwa na kuonekana ana ugonjwa wa sukari. Nilimkuta ameketi barazani, uso umemnyauka, na kabla sijamaliza kumwamkia akaanza kunieleza kesi yake. "Mwanangu, wameniambia niache wanga. Nikawauliza, wanga gani? Mimi sina ugomvi na mtu kijijini hapa, wala sijapata kumkuta mtu usiku nyuma ya nyumba yangu."

Nilicheka, na mama mdogo kule jikoni akacheka pia, lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Maana kijana wake alipomweleza kwamba wanga unaosemwa ni ule wa chakula, yaani uliomo katika ugali, wali, viazi, mkate na uji, mzee alikasirika akaviacha vyote kwa siku moja. Siku tatu alikula mlenda mtupu na kunywa chai isiyo na sukari, na huku anameza vidonge vyake asubuhi na jioni kama alivyoagizwa. Siku ya nne, yuko shambani, akaanza kutetemeka. Jasho jembamba likamtoka, maneno yakamchanganyika, akamwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Bahati njema jirani mmoja alikuwa na ndugu mwenye ugonjwa huo, akakoroga vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji akamnywesha angali anaweza kumeza. Baada ya robo saa akawa anasema sawasawa.

Nalitanguliza hili mbele ya mapishi yote. Mtu anayemeza dawa za kushusha sukari kama glibenklamaidi, au anayechoma sindano za insulini, asipunguze ugali wake ghafula bila kumwambia daktari. Dawa yake ilipimwa kwa kadiri ya ugali aliokuwa akila. Ukiondoa ugali na dawa ikabaki vile vile, sukari ya damu itashuka kupita kiasi, na kushuka huko kwaweza kumwua mtu upesi kuliko kupanda. Na kama amekwisha kuzimia, msimtie kitu kinywani, atapaliwa, mkimbizeni hospitali. Baba mdogo alirudi kwa daktari, dawa ikapunguzwa, akaambiwa apunguze wanga pole pole huku akipimwa. Tena, haya nayaandika kwa watu wazima wenye haja nayo. Mama mjamzito na mtoto anayekua wasinyimwe ugali na uji wao kwa sababu ya makala hii.

Basi, twende jikoni. Sisi tuliofundishwa mapishi shuleni twakumbuka mafungu matatu ya vyakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Mlo wa wanga kidogo ni kupunguza fungu lile la kwanza na kuongeza mengine mawili, pamoja na mafuta kiasi ili mtu asishinde na njaa. Wataalamu wengi huuita hivyo mlo ambao wanga wake hauzidi gramu 130 kwa siku. Katika kila gramu 100 za unga wa mahindi mna wanga karibu gramu 75. Mama mdogo alinionyesha unga anaoupika, nami nikakisia kwamba fungu la mzee lilikuwa kama gramu 250 kwa mlo mmoja. Yaani wanga karibu gramu 190 kwa kikao kimoja, na jioni tena vile vile.

Hapa mzee alinikatiza. "Lakini huo ni wa sembe. Sisi Wanyiramba tumekulia mtama na uwele." Ni kweli, na unga wa mtama au uwele usiokobolewa una makapi, hushibisha zaidi na huingia katika damu polepole kuliko sembe. Lakini wanga wake wapungua kidogo tu. Nimewasikia wengi wakiambiana kwamba ugali wa dona au wa mtama ni dawa, kwa hiyo mtu ale mlima. Si kweli. Mlima ni mlima.

Wala shauri hili la kupunguza wanga si jambo la jana. Mwaka 1863 huko London bwana mmoja aitwaye William Banting, aliyekuwa akitengeneza majeneza na kuandaa mazishi, alitoa kijitabu kueleza jinsi alivyopunguza unene kwa kuacha mkate, viazi, sukari na bia. Na kabla insulini haijagunduliwa huko Kanada mwaka 1921, madaktari waliwapa wagonjwa wa sukari mlo wenye wanga kidogo mno, maana hawakuwa na njia nyingine ya kuwaongezea siku. Kwetu Tanzania uchunguzi wa vijiji sita uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta wagonjwa hawafiki mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 katika 100. Vipimo havikuwa vya namna moja na vya pili vilihesabu hata mijini, lakini kila mmoja wetu sasa anaye mtu wake.

Kizuizi cha baba mdogo, hata hivyo, hakikuwa hesabu. Kilikuwa aibu. Ninyi mnajua jinsi tulivyolelewa: mtoto akichovya mboga bila tonge hupigwa kofi. "Usile mboga tupu!" Mboga ni ya kusindikizia ugali, na aliye na adabu humega tonge kubwa akagusa mboga kidogo ili iwafikie wote. Sasa mzee wa miaka sitini anaambiwa afanye kile kile alichowapigia wanawe. Mama mdogo alijaribu kumpakulia sahani yake peke yake, akaisukuma. "Mimi si mgonjwa wa kutengwa," akasema, akaondoka mezani. Nadhani wake wengi wamekwisha kulipata jambo hili.

Dawa yake ni kuongeza mboga ya nyumba nzima, si kumtenga mtu. Siku ile tulipika ugali nusu ya ule wa kawaida yao, watoto wakapata wao wa kutosha, na mboga tukaipika katika sufuria lile la ugali, lile kubwa. Mzee alipata ugali wa unga kama gramu 50, yaani matonge manne matano, na bakuli lililojaa. Mboga ilipokuwa tele hakuna aliyemtazama anachovya nini.

Na mboga za kule si za kuhurumia mtu. Tulipika mlenda wa majani makavu uliotiwa karanga zilizotwangwa. Mlenda hauna wanga wa kutisha, na karanga huufanya ukae tumboni. (Wengine hutia magadi mengi ili uvutike, mwenye shinikizo la damu apunguze hayo, yana chumvichumvi nyingi.) Tulikata kabichi nyembamba sana, tukaikaanga kwa mafuta ya alizeti pamoja na vitunguu, tukavunjia mayai manne juu yake na kufunika mpaka yashikane. Kabichi hiyo ndiyo iliyochukua mahali pa ugali. Mzee aliimega kwa mkono kama tonge. Kwa maongezi ya jioni tulikaanga mbegu za maboga na chumvi kidogo, badala ya viazi vitamu. Chai tuliitia maziwa na tangawizi. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, hivyo kikombe kimoja, si birika. Maharage na kunde zina wanga wake pia, ingawa hufaa. Akila maharage apunguze tonge.

Sasa nafika pale palipotuletea maneno nyumbani. Mayai yale manne mama mdogo aliyatoa kwa shingo upande. Singida yote yajulikana kwa kuku wa kienyeji. Matenga yao husafirishwa mpaka Dar es Salaam, na watu wa mjini huwasifu. Lakini ukiingia katika nyumba za wenye kuku hao utakuta wanakula ugali na mlenda usio na kitu. Mama mdogo huuza mayai yote siku ya gulio. Nikamwuliza anunua nini kwa fedha hiyo. Akahesabu kwa vidole: sabuni, chumvi, daftari za watoto, na sukari kilo mbili kila juma.

Nikamwambia, "Mama mdogo, umesema nini?" Akarudia. Halafu akanyamaza.

Nyumba ile ilikuwa ikitoa chakula cha kujenga mwili, inarudi na kitu kile kile kinachomwuguza baba. Sikusema zaidi, maana kuku ni mali yake, na daftari za watoto hazinunuliwi kwa shauri zuri la mgeni. Ila jioni ile alichukua kipande cha mkaa akapiga hesabu ukutani. Sukari kilo moja badala ya mbili, maana na watoto wangeweza kunywa chai yenye kijiko kimoja wala wasife. Fedha ya kilo ile moja ilitosha kufidia mayai ambayo yangebaki nyumbani. Daftari na sabuni hazikuguswa. Baba mdogo, ambaye alikuwa akijifanya hasikii, akauliza mayai mangapi. Akaambiwa mawili kwa siku kwake. "Na jogoo je?" "Jogoo ni wa Krismasi." Huo ndio uliokuwa mwisho wa baraza hilo.

Swali lingine waliloniuliza ni juu ya kualikwa. Ukienda msibani au harusini hutaki kuwasumbua wenyeji kwa habari za ugonjwa wako. Anza na nyama na kachumbari, mega ugali au chota wali kidogo, kula taratibu, na zungumza sana. Anayezungumza hahesabiwi matonge. Soda ndiyo ikataliwe moja kwa moja. Omba maji, wala usitoe sababu.

Nimerudi kwangu, na juzi kijana wao alinipigia simu. Mzee amepimwa tena na sukari imeshuka, ingawa haijafika pale daktari anapopataka. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya. Jirani mmoja bado humcheka kwamba anakula kama mgonjwa wa mjini. Yeye hujibu kwamba angalau sasa anazijua mboga za mkewe, maana miaka thelathini alikuwa akizigusa tu.

Limebaki jambo la asali. Baba mdogo ana mizinga yake, na alibisha sana kwamba asali haina neno kwa kuwa ni ya miti. Akanitajia na jirani zetu Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, wanaokula asali kwa wingi na huwaoni na matumbo kama yetu. Nikamwambia Wahadzabe huitafuta asali hiyo kwa miguu, kilomita nyingi kila siku, na kuipanda juu ya mbuyu. Yeye huletewa katika kikombe. Katika gramu 100 za asali karibu 80 ni sukari, na mwili hauulizi imetoka kiwandani au mzingani. Kijana asema asali sasa yauzwa yote, isipokuwa kichupa kimoja kidogo ambacho mzee hukitia katika mfuko wake wa shambani pamoja na tupa ya jembe, na watoto wote wamefundishwa kilipo na ni lini wamlambishe.